Vinu vya Kasenga

Niliporudi Kasenga safari hii, nilisimama uani kwetu asubuhi nzima nikitega sikio, nisijue ninatafuta nini. Pikipiki zilipita, mashine ya kusagia muhogo ilinguruma kando ya barabara. Ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimesikia kinu hata kimoja.

Mtaa ule wa utoto wangu, rafiki yangu, uliamshwa na vinu. Ulikuwa umebanwa kati ya ziwa na milima, nyumba za matofali mabichi zikitazamana, ndagala zikianikwa kila mahali hata nguo zetu za kanisani zikanuka samaki. Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Warundi, sote tulikula bugali wa muhogo, na kila mama alikuwa na kinu chake. Sisi watoto, tukiwa bado mkekani, tuliweza kusema ni nani amechelewa kuamka na ni nani amepata wageni. Kinu cha bibi yangu kilikuwa cha mti mwepesi, sauti yake nzito, kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Cha mama jirani kilichongwa kwa mti mgumu wa mlimani; kililia juu, kikavu.

Kinu hicho jirani hakumwazima bibi kamwe. Bibi alikuwa na mazoea yake: mapigo matatu, kisha anagonga ukingo kwa mchi ili unga ulionata udondoke.

"Weye unapasulaka vinu," jirani alimwambia juu ya ua wa miti ya miyenzi. "Ona ya kwako, iko inakohoa."

"Na ya kwako inapiga makelele sawa na mwenyewe," bibi alimjibu, akaendelea kugonga.

Uhuru ulipofika tuliimba njiani mpaka sauti zikakauka. Miaka michache baadaye ukaja uasi, na mtaa mzima ukapanda mlimani na mabunda kichwani. Bibi, ambaye magoti yake yalikuwa yamechoka, alikataa kubebwa. Alimwambia mama: "Kila asubuhi nitatwanga. Muhogo ukiisha, nitatwanga maganda. Musiposikia kinu yangu, musishuke."

Hivyo ndivyo tulivyoishi huko juu. Kila kulipokucha mama alisimama ukingoni mwa shamba la watu waliotupokea, kiganja nyuma ya sikio. Mapigo matatu, na kugonga. Baada ya hapo tu ndipo alipowasha moto.

Asubuhi moja hapakusikika kitu. Jana yake tulikuwa tumeona moshi mtaani. Mama alisubiri mpaka jua likapanda, akajifunga kitenge kiunoni ashuke. Jirani akamkamata mkono.

"Yeye mwenyewe alikukataza!"

Walikuwa bado wanavutana kinu kilipolia huko chini. Juu, kikavu. Hakikuwa chetu.

"Minye najua hiyo sauti," jirani alisema, na mkono wake ukalegea. "Ni kinu yangu. Watu ya bunduki wameingia kwangu."

Mama aliketi chini, akafunika uso. Sikuwahi kumwona akiketi hivyo. Kisha, wazi kabisa, tukasikia mchi ukigonga ukingo.

Jirani aliruka. "Anagonga mudomo ya kinu yangu! Huyu mumama! Mama yako iko muzima, na iko anapasula kinu yangu!" Alicheka, machozi yakimtiririka, huku akimpiga mama mgongoni.

Tuliposhuka tulikuta majivu. Wenye bunduki walikuwa wamekipasua kinu chetu kuni, wakapika, wakaenda. Bibi alikuwa uani kwa jirani, mchi mkononi.

"Nilikuomba miaka yote," alimwambia. "Leo sikuomba."

Jirani alipapasa ukingo, kidole chake kikapata ufa.

"Basi twanga. Batoto biko na njaa."

Wote watatu wamekwisha kulala: bibi, jirani, na mama, wa mwisho kuondoka. Nyumba za Kasenga zimeongezeka, na si haki kuwalaumu akina mama kwa kuipenda mashine. Kutwanga kuliwavunja migongo. Lakini mimi nimesoma, nimekaa katika miji mingi, nimepata majirani wema wanaonisalimu kwa jina. Sidhani yupo hata mmoja ambaye angegundua, asubuhi moja, kwamba nimenyamaza.