Bomba Refu la Geji

Wewe unayenisikiliza, ngoja kwanza nikueleze kitu kimoja, maana bila hicho hutaelewa kwa nini sikutulia siku mbili nzima. Geji ya joto ya gari la zamani si lazima iwe ya umeme. Yangu ilikuwa na saa yake ya mshale pale dashibodi, na nyuma ya saa hiyo kilitoka kibomba cha shaba, chembamba kama waya wa kuanikia nguo, kikaenda mpaka kwenye injini. Ndani ya kibomba mna kimiminika. Injini ikipata moto, kimiminika kinatanuka na kuusukuma mshale. Basi, hakuna uchawi.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu aliyotuachia baba, na geji yake ilikuwa imekufa. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa Jumamosi hapo Mbinga. Mama alishasema: kwa kuwa baba hayupo, binti hatoki nyumbani mpaka mjomba aje amshike mkono. Mjomba alikuwa Lundo, kando ya ziwa, na mguu wake mbovu haukuweza kukwea lori. Aliyebaki wa kumfuata ni mimi na pikapu, ambayo ilishachemka mara mbili kwenye milima ile.

"Ikichemka ya tatu," fundi aliniambia, "hiyo injini utafugia kuku."

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, vipuri vimeanza kuonekana tena kwenye maduka ya watu binafsi. Nilipata geji mpya ndani ya boksi lake. Sikumbuki lini kabla ya hapo niliwahi kufungua boksi la kipuri. Ijumaa asubuhi fundi alikunjua kibomba kikafika mpaka mlangoni.

"Mwalimu, hii ni ya lori. Bomba refu mno. Nalipunguza."

"Litafanya kazi?"

"Kitu gani sijapunguza mimi kwenye gari hili?"

Alisema kweli. Enzi za uhaba alikuwa amekata na kuunga kila kitu humo. Mpira wa rejeta ulitoka kwenye trekta. Tulizoea hivyo: kitu kisipoenea, kinakatwa. Na mimi, niliyefundisha sayansi, nilimshikia ncha ili akate sawasawa. Koleo likabana. Tone moja likadondoka, ikaja harufu kama ya chumba cha sindano.

"Kimetoka nini?" aliuliza.

"Kile kilichokuwa kinapima," nikasema.

Dukani hapakuwa na nyingine. Nikashuka ziwani hivyo hivyo.

Alfajiri ya Jumamosi tulianza kupanda, mjomba pembeni yangu na kofia mapajani. Mshale ulilala kushoto. Nilijua hausemi kitu, lakini macho yalirudi pale kila kona. Injini ikiguna, natazama. Ikinyamaza, natazama.

"Mpwa wangu, mbona husikii ninayokwambia? Unaangalia nini hiyo sahani?"

"Geji, mjomba. Imekufa."

"Sasa maiti unaiuliza nini? Simamisha gari."

Akateremka na mguu wake, akaomba maji. Nilifungua boneti. Alichovya vidole, akadondosha juu ya rejeta, kama mama anavyojaribu kikaango. Matone yakakauka polepole.

"Twende. Yakiruka, hapo tutakaa."

Tukaenda hivyo, kipande kwa kipande, nikisimama kila penye tambarare. Karibu na juu matone yaliruka na kulia. Nikazima. Saa ya mjomba ilisema saa tatu, na harusi ilikuwa saa tano. Nilizunguka gari, nikaketi kwenye bampa, nikainuka, nikazunguka tena. Nilinyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta, mjomba akanipiga kibao mkononi.

"Unataka uende kanisani na uso wa kuungua? Kaa. Kula usipa." Akanipa vile visamaki vikavu vya ziwani kutoka mfukoni. Nilitafuna bila kuonja. Alijaribu matone mara nne kabla hajasema twende.

Tulipofika, mdogo wangu ameketi mkekani ndani ya gauni, jasho limemtoka, na wanawake wamemaliza nyimbo wakaanza upya. Mjomba hakunawa hata vumbi. Alimwinua kwa mkono, wakatoka. Nilipotaka kukaa, niligundua miguu yangu bado inatafuta breki.

Nje ya kanisa fundi alinisogelea, hataki kunitazama vizuri.

"Ilipanda?"

"Ilipanda. Mshale ndio ulilala njia nzima."

Geji nyingine ilikuja baadaye, na bomba lake refu vile vile. Fundi alichomoa koleo kwa mazoea, akalitazama, akalirudisha mfukoni. Tukafanya hivi, na wewe fanya hivi: bomba likizidi, usilikate. Lizungushe taratibu liwe duara pana kama mdomo wa kikombe, lisivunjike kona, ulifunge nyuma ya dashibodi pasipogusana na kitu. Kisha washa gari, usubiri mpaka uone mshale umeinuka.