Koti Langu la Ruracio Lilivyopata Mama

Haya, chekeni mapema tumalize, maana wengi wenu mlishaiona ile picha: siku ya ruracio ya binti yangu, wakwe wamevalia suti, na mimi baba mwenyewe nimekaa katikati yao nimevaa sweta la mke wangu, la rangi ya maziwa, lenye vifungo vya maua. Watu huniuliza kama koti langu liliibwa. Halikuibwa. Lilikuwa zizini, limevaliwa na mwanakondoo, na nitawaeleza lilifikaje huko, ingawa hata nikiipindapinda hadithi yenyewe sioni pa kujiokolea.

Mimi ni karani, ofisi yetu iko Upper Hill, ila nyumbani ni Waithaka, kwenye kipande cha shamba alichoniachia baba, na hapo ninafuga kondoo wachache. Wafugaji wadogo wa pale tuna kikundi, na Jumamosi daktari wa mifugo, mama mmoja asiyependa mchezo anayeitwa Daktari Akinyi, huja kutufundisha jinsi ya kulea wanakondoo wasife ovyo: maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, yaingie tumboni mapema, kitovu kipakwe dawa, kondoo mwenye mimba aongezewe chakula siku zikikaribia. Mimi ndiye mwenyekiti, na kwa vile karani hawezi kusikia jambo bila kulichapa, masomo yote nilikuwa nayachapa ofisini (bosi akienda lunchi), natoa nakala, napiga pini, nawagawia wenzangu. Yaani nilishajifanya profesa. Mama Kamau, jirani yangu mjane anayeuza vitunguu soko la Ngara, akiuliza swali namjibu, "Soma ukurasa wa tatu."

Sasa ruracio, ile siku wakwe wanakuja na mahari, ikaangukia Jumamosi ya darasa. Mtu mwenye akili angeahirisha darasa. Mimi nikasema lifanyike kwangu, saa tatu, kwa sababu wakwe walikuwa waje saa saba na nilitaka wakute watu wangali wananiita mwenyekiti (ndiyo, ndiyo sababu, sina nyingine). Na kwa ajili ya siku hiyo nilikuwa nimeshonewa suti ya rangi ya bluu iliyokolea na fundi mmoja mzee Mhindi kule Ngara, ambaye alinipima mara tatu kisha akaniambia, "Mzee, hii vaa wageni wakifika mlangoni. Asubuhi wacha ndani ya kabati." Mimi saa mbili asubuhi nikaivaa. Nilisema sitaki kubadilisha nguo mara mbili, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimejiangalia kwenye kioo nikashindwa kuivua.

Saa mbili na nusu kondoo wangu Karembo akaanza kuzaa. Nikaenda zizini na koti langu, nikijiambia ni kuchungulia mara moja tu, nikakuta miguu imetoka na kichwa kimerudi nyuma, na hapo huwezi kwenda kutafuta ovaroli, nikaingiza mkono, nikageuza, nikavuta, mtoto akaja na maji yote yakanimwagikia kifuani na mikononi. Alikuwa amekufa. Nilimkumbatia nikamsugua, nikampulizia puani, wapi. Iliniuma, siwezi kudanganya, lakini kilichoniuma haraka zaidi ni kwamba baada ya dakika chache kikundi kizima kingefika na kukuta mwenyekiti, mwenye nakala zilizopigwa pini, amefiwa na mwanakondoo siku ya darasa. Tena wakwe nao, wakute mfu uani? Nuksi hiyo. Basi nikambeba pamoja na kondo la nyuma lilipotoka, vyote nikavitupa kwenye shimo la choo cha zamani, nikamfungia Karembo kwenye kibanda cha nyuma, nikapangusa koti kwa kitambaa chenye maji. Rangi ile iliyokolea haikuonyesha kitu. Nikarudi kwenye kioo. Safi.

Darasa likaanza vizuri, mimi nimesimama mbele nikisaidia kuelekeza watu kurasa. Halafu Mama Kamau akaingia amechelewa, amebeba kitu kwenye leso, macho mekundu. Kondoo wake, yule mmoja wa maana aliyekuwa amemtegemea mwaka mzima, alikuwa amekufa asubuhi hiyo baada ya kuzaa, na kwenye leso mlikuwa na mtoto wa kike, mzima, anatetemeka.

"Daktari, huyu nitafanya nini na yeye? Mimi saa kumi alfajiri niko njiani kwenda soko. Nani atampea chupa kila saa mbili?"

Daktari Akinyi akasema chupa ni ya dharura, huyu anahitaji mama, leo, kabla hajaishiwa nguvu. Akageuka kwetu. "Kuna mtu ana kondoo amezaa leo ama jana, mtoto akakufa?"

Jamani. Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa ninalo! Na nikaangalia makaratasi yangu kana kwamba swali limeulizwa mtu mwingine. Dakika ile nimeishi nayo hadi leo, kwa sababu yule mtoto alikuwa analia kwa sauti ndogo na Mama Kamau alikuwa anatuangalia mmoja mmoja usoni.

Aliyejibu ni Karembo. Kutoka kibandani akaanza kuita kwa ile sauti ya chini, ya kooni, ambayo kondoo humwitia mtoto mchanga peke yake. Daktari alikwenda moja kwa moja akafungua mlango, akamweka yule yatima mbele yake. Karembo akamnusa, akampiga kichwa akaanguka, akampita, akaja mbio mpaka kwangu, akaanza kuniramba koti.

Watu wakadhani anataka chumvi. Nikasogea, akanifuata. Nikazunguka tangi la maji, akazunguka nalo, huku anaita, huku analamba mkono wa koti, na nilipoteleza nikakaa chini akaanza kunigusagusa kwa kwato, maana mtoto akilala mama humwamsha hivyo. Kikundi kizima kilikuwa kimeshika mbavu. Mtu mmoja alipiga kelele, "Mwenyekiti, nyonya basi!"

Daktari peke yake hakucheka. "Baba Wanjiku, huyu alizaa saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Na mtoto ako wapi?"

Nikaonyesha choo cha zamani kwa kidole.

"Wewe si ndiye ulichapa? Ukurasa wa nne. Mfu asitupwe mpaka tujue kama kuna yatima, ndio huyo yatima tumpake harufu ya mfu ama tumvalishe ngozi yake, mama adhani ni wake." Akanusa begani mwangu, kweli alinusa, mbele ya watu. "Harufu yote iko hapa. Vua koti."

"Hii?"

"Hiyo."

Akamkamua Karembo kidogo, akamnywesha yule mtoto kwa chupa ili apate nguvu ya kungoja, na kitu walichokuwa wakingoja ni mimi. Nikasema labda tumpanguse mtoto na kitambaa nilichotumia. Nikasema labda kondoo wa mtu mwingine. Nikasema (Mungu anisamehe) hii suti ni ya ruracio, wakwe wako njiani. Mama Kamau hakunibembeleza. Alimfunika tu mwanakondoo wake na leso na kuanza kuinuka, kama mtu aliyezoea kuambiwa hapana.

Ndipo nikavua. Daktari akasema, "Leteni makasi."

"Makasi ya nini tena?"

"Atatembea na mikono mirefu hivyo?"

Mikono ya koti langu ikakatwa, kitambaa kikasikika kikilia, na sekunde hiyohiyo lango likafunguka wakaingia wakwe, saa tano kasoro. Nairobi hii, wakwe wa kufika mapema mmewaona wapi? Mbele alikuwa babu ya kijana anayemwoa binti yangu, mzee wa Nyandarua mwenye kofia, na akanikuta nimepiga magoti na shati lenye kinyesi cha kondoo, namfunga mtoto vifungo. Hakunisalimu. Alimpa mtu fimbo yake, akachutama pale na suti yake, akasema, "Shika kichwa cha mama, mimi niweke mtoto kwa titi. Sisi kwetu tunatumia ngozi, lakini koti pia si mbaya."

Karembo akanusa koti. Akanusa tena. Akaita kwa ile sauti ya kooni, na mkia wa yule mtoto ukaanza kucheza chini ya kitambaa changu cha bluu, na Mama Kamau akajifunika uso na leso akalia.

Mke wangu akaniletea sweta lake, kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye kamba. Wakati wa chakula yule mzee akasimama akawaambia watu wake kwamba hawana haja ya kuulizauliza kuhusu nyumba hii, kwa maana mtu anayevua koti la ruracio amvalishe kondoo wa jirani mjane, binti wa mtu huyo hawezi kuwa mbaya. Watu wakapiga makofi. Mama Kamau alikuwa anagawa supu. Akasimama na kijiko hewani, akaniangalia, nami nikamwangalia, kwa sababu yeye ndiye aliyehesabu zile "labda" zangu zote. Kisha akasema, "Ni ukweli, alivua," akaniongezea nyama.

Kesho yake nilikwenda kwake kumwomba msamaha, akaniambia, "Hiyo wacha. Nipatie hiyo ukurasa wa nne, yangu ilipotea." Nikamwandikia kwa mkono. Mwanakondoo alivuliwa koti siku ya tatu, naye Karembo hakujali tena, alishamkubali, na sasa ni kondoo mkubwa, ana watoto wake wawili. Suruali bado ninayo. Ngara sipiti tena karibu na yule fundi. Siku hizi kondoo akifa kwangu natangaza kwanza ndipo nasikitika, na kioo kimehamishiwa chumba cha wageni.

Ila Karembo mpaka leo nikipita karibu na zizi huinua kichwa akaniita kwa ile sauti ya chini, na mke wangu akiwa jikoni husema, "Baba Wanjiku, nenda, mama yako anakuita." Na mimi huenda.