Mke wangu alimficha mkaguzi nyufa zetu

Leo nusura tunyimwe msaada wa serikali kwa sababu ya unadhifu!

Mkaguzi alikuja kuona kama nyumba yetu hapa ughaibuni, mtaa wa Alief, inavujisha hewa. Ikivuja, sisi wa kipato kidogo tunazibiwa nyufa bure kabla ya joto kali, ubaridi wa kiyoyozi usipotee.

Lakini Mama Espérance, mke wangu, alikuwa ameshaziba kila ufa kwa vitambaa. Mgeni anakuja, jamani!

Mkaguzi akazunguka, akatabasamu. “Nyumba nzuri. Sioni tatizo.”

Mama Espérance akafurahi. Mimi nikaona msaada unatuponyoka.

“Mama, toa vitambaa.”

“Mzee, unataka kunivua nguo mbele ya mgeni?”

Nilimwelewa. Katika kambi ya wakimbizi tuliishi miaka mingi chini ya turubai, na hakuna mgeni aliyewahi kuona panapovuja.

Nikavuta kitambaa cha kwanza mwenyewe. Akasonya, kisha akavuta cha pili.

Mkaguzi akafunga mlangoni feni kubwa ya kupimia uvujaji, inayovuta hewa nje, akaiwasha. Mapazia yote yakavimba!

“Inavuja vibaya,” akasema. “Mtasaidiwa.”

Nikamtafsiria Mama Espérance. Akaenda jikoni, akarudi na sahani ya maharage na ndizi.

“Mwambie akae ale. Ameshaona kila kitu, sasa ni ndugu.”

Mnaosubiri mkaguzi wiki hii, mmeshaziba wapi? Semeni ukweli. Kisha zibueni.