Mabuti ya Mgeni wa Chini

Wanangu husema uzee umeanza kunichezea akili. Sawa. Lakini mkono wa kulia wa shemeji yangu Masanja haupo, na huo haukukatwa ndotoni. Ilikuwa mwaka jana tu, mchana, jua linawaka, kwenye gesti moja nje kidogo ya Buseresere.

Vyumba vya gesti ile viko chini ya ardhi. Mwenye nayo, Mama Kulwa, alikuta duara limeachwa, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, akachonga vyumba ubavuni mwake. Unashuka kwa ngazi ya miti. Chini kuna ubaridi mtamu, na giza ni lile lile mchana na usiku.

"Shikamoo baba," alinisalimu nilipofika na Masanja. "Viatu mviache hapa mdomoni mwa shimo, kama wachimbaji. Nikiviona, najua chini kuna mtu. Nisipoviona, nafunika."

Kivulini palikuwa na mabuti ya mpira, yamepasuka, yamejaa udongo mkavu.

"Ya nani?"

"Ya mgeni wa chini," akajibu, akarudi kwenye sufuria yake.

Mimi nilikuwa na viatu vipya vya ngozi. Nikaona jua litaviharibu. Nikayachukua yale mabuti nikayatupa jalalani, vyangu nikaviweka pale kivulini.

Masanja akacheka. "Shemeji, viatu unavitunza kuliko dada yangu!"

Tukashuka, tukawasha tochi, tukajilaza. Nyuma ya ukuta mtu alikuwa anagonga mwamba kwa nyundo. Ghafla akaacha. Pazia la mlangoni likafunguka.

Alikuwa pekupeku. Niamini, kifua chake kilikuwa kimebonyea kama debe lililokanyagwa, na udongo ulimtoka mdomoni alipozungumza.

"Nani kawaambia nimeshatoka?"

"Kaka, umekosea chumba," Masanja akasema, akiegemeza mkono ukutani ainuke.

Nyundo ilitua juu ya mkono ule. Nilisikia mifupa ikivunjika. Akapiga tena, na tena, damu ikanirukia usoni. Na mimi, unajua nilifanya nini? Nilipanda ngazi.

"Shemeji! Usiniache, shemeji!"

Nilipanda.

Mama Kulwa alikuja mbio. Hakuniuliza damu ni ya nani. Alitazama kivulini. "Mabuti yako wapi?"

Nikaonyesha jalala. Alinipiga kofi, mimi mzee wa rika la baba yake, akakimbia kuyaleta. Alipoyaweka tu mahali pake, kimya kikaingia shimoni.

Vijana wa pale walimtoa Masanja yuko hai. Hospitali wakaukata mkono. Ndipo Mama Kulwa akaniambia: yule mchimbaji aliibiwa mabuti akiwa chini. Wenzake hawakuyaona, wakadhani ametoka, wakaifukia njia ya pembeni aliyokuwa akichimba, naye yumo.

Masanja bado hunisalimia, kwa mkono wa kushoto. Hajawahi kuniuliza kwa nini nilipanda. Afadhali angeuliza. Na hapa kwangu Nyasubi, mtu akisogeza viatu mlangoni, hata mjukuu akifagia, nasikia nyundo chini ya sakafu. Kila mara iko karibu zaidi.

Kwa hiyo wewe unayependa kulala mahali pa ajabu, nisikie. Ukikuta viatu mlangoni na mwenyewe humwoni, usiviguse. Vyako viache viungue juani.