Mwiba wa Tasi na Mguu wa Mama

Tasi ni samaki mdogo, hata sahani hajazi. Anaishi miambani, anakula mwani kutwa, hamng'ati mtu. Wengine hutembea wawili wawili: mmoja akiinamia mwani, mwenzake anabaki macho kumlinda. Sumu yake iko kwenye miiba ya mgongoni na tumboni, na akifa, sumu haifi naye. Ila mtamu huyo, we acha tu! Nimekaanga tasi hapa Kariakoo tangu binti, na miiba huikata kwanza kwa mkasi kabla sijaparua.

Siku ile nilikuwa sijaikata. Nilitoka soko la samaki la Magogoni na ndoo ya tasi, jua kali, nikaibwaga mlangoni nikaingia kunywa maji. Mama, ambaye nilimchukua aishi nami kwa ajili ya ugonjwa wake wa sukari, akajikwaa. Ndoo ikapinduka, tasi mmoja akamchoma unyayoni.

"Kimenichoma kidogo tu," akasema. "Hebu endelea na kazi zako."

Mimi na kiherehere changu! Kila mkaanga samaki anaijua dawa ya tasi: unatumbukiza mguu kwenye maji ya moto, sumu inakwisha nguvu. Nikabandika sufuria. Maji nikayapima kwa mkono wangu, ona ujinga, mkono huu uliozoea kurukiwa na mafuta mpaka haushtuki tena. Nikayaona ya kawaida.

"Mama, yanachoma?"

"Wala. Mbona kama ya kuoga?"

Nikaongeza. Akasema bado, nikaongeza tena, nikamkemea asitoe mguu. Kumbe sukari ilishatia ganzi nyayo zake, na hakuna kati yetu aliyelijua hilo. Alinitii tu, maskini, mtu mzima yule. Ngozi ilipoanza kuvimba nilidhani ni sumu inatoka.

Kidonda cha kuungua kikakataa kupona. Hospitalini wakakata vidole, halafu wakakata chini ya goti. Nilimuuliza daktari sumu ya tasi ni kali kiasi gani. Akaniambia maumivu yale yangeisha yenyewe siku ileile, hata bila dawa.

Nimechoka, jamani. Sijisamehe, wala sioni siku nitakayojisamehe. Wageni wakija kumjulia hali wanauliza ilikuwaje, na mama anawajibu, "Samaki tu, wanangu. Tasi."

Halafu ananitazama, nami naitikia, "Ndiyo, tasi."