Mapigo Mia Moja Arobaini

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Mbinga, nilitandika kitanda cha mgonjwa, na matroni akakivuruga mbele ya wodi nzima. "Tandika upya, na safari hii tumia akili," alisema. Nilikuwa mgeni kutoka Singida, hata Kimatengo walichonichekea sikukielewa. Nilitandika huku machozi yananitoka. Ndivyo tulivyofundwa. Nilipokuja kuwa mkufunzi wa ukunga nikafundisha vivyo hivyo, nikiamini aibu ni dawa.

Vyuoni siku hizi wanasema mrejesho, yaani kumweleza mwanafunzi alivyofanya kazi. Sisi tuliita kusahihishwa, na mimi nilisahihisha kwa sauti.

Miaka michache kabla ya kustaafu nilipeleka wanafunzi kwenye kituo kimoja cha afya, mwambao wa Ziwa Nyasa. Mmoja wao alikuwa Oliva, binti wa kijiji cha Ngumbo, mpole na mwenye mkono mwepesi. Asubuhi moja alikosea kuhesabu mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Nikamkaripia, "Kuhesabu ulisomea wapi wewe?"

Mama mkwe wa mjamzito alikuwa kando ya kitanda. "Huyu asimguse tena mke wa mwanangu," akasema. Nikacheka, Mungu anisamehe, kisha nikamwachia Oliva mjamzito yuleyule ili ajifunze.

Ilipokaribia saa saba nikachukua patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu wa uzazi. Kila nusu saa Oliva alikuwa ameandika mapigo mia moja arobaini. Mara sita, hayakupanda wala kushuka. Moyo wa mtoto hauendi hivyo. Nikainama na kipimo, nikasikiliza kwa muda mrefu: mapigo hayakufika tisini.

Nikamvuta Oliva mlangoni. "Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu, mwalimu."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa nne. Niliogopa kukuita. Ungenisema tena mbele ya yule bibi."

Gari la wagonjwa lilipanda milima kwenda hospitali, nami nimemshika yule mama mkono, naomba kimoyomoyo kama mtu aliyeiba. Mtoto alitolewa kwa upasuaji. Alichelewa kulia, lakini alilia.

Kesho yake niliwakalisha wanafunzi, nikawauliza wanapenda kusahihishwaje. Kijana mmoja akasema, "Utuite pembeni, mwalimu, siyo mbele ya wagonjwa." Mwenzake akaongeza, "Na iwe siku hiyohiyo. Ukingoja mwisho wa mwezi tunakuwa tumeshalizoea kosa."

Oliva alisema mwisho kabisa. "Tukipatia, utuambie pia. Mimi mpaka leo sijui nimepatia nini."

Tangu hapo niliwaita pembeni. Ulimi wangu ulikuwa mgumu kuzoea, na mara nyingine ulinitoroka.

Sasa nimestaafu, nina kahawa yangu kidogo kijijini Kitura. Wanafunzi wa zamani wakinikuta sokoni hunisalimia, "Shikamoo mwalimu," nami naitikia marahaba huku moyo unanidunda. Kabla ya Oliva nilitia sahihi patografu nyingi mno, safi, hazina doa, na waliozijaza niliwasifu kwa wenzao kuwa ndio wauguzi. Wengi wao nilishawakaripia, wala hawakuniita tena hata mara moja. Nilidhani ni kwa sababu wameelewa.