Tembele la Kwenye Tangi la Samaki

Jamani, mimi hadi leo nikiona fungu la matembele sokoni nabadilisha njia, na mkinicheka mcheke tu, maana siku ya posa ya dada yangu Zuwena nilitaka kuvunja harusi ya watu kwa mdomo wangu mwenyewe, wala sikutumwa na mtu.

Chanzo ni tangi la samaki. Nilikuwa nalo sebuleni kwetu Kariakoo, vioo vimeota ukijani mpaka wageni wanauliza kama ndani mna kitu (chujio la umeme lilikuwepo, ila umeme ukikatika nalo linalala). Muuza samaki wa mapambo akaniambia nitie mimea, mizizi yake inafyonza uchafu wa samaki, maji yanatakata yenyewe. Mimi nikajifanya mjanja, mimea yake nikaiacha, nikachukua marando ya matembele (mashina ya viazi vitamu yenye majani yake) sokoni nikayaegesha kwenye ukingo wa tangi, mizizi majini, majani nje. Weee! Yalistawi hayo, yakatambaa mpaka dirishani, na maji yakang'aa unaona hadi changarawe za chini. Basi nikaanza kujiona fundi.

Siku ya posa ikafika. Zuwena hakulala (mchumba wake wa kwanza alimkimbia kadi zimeshagawiwa, kwa hiyo safari hii nyumba nzima tulikuwa roho juu). Upande wa bwana harusi akaja baba yake mkubwa, Mzee Kombo, na bibi yake mzaa baba. Mazungumzo yakaenda vizuri kabisa, ikabaki kupanga tarehe, baba akasema tule kwanza. Shangazi yetu wa Buguruni, ambaye ndiye alikuwa jikoni, akaleta sinia la wali wa nazi, samaki wa kupaka na mboga ya majani, tukazunguka mkekani.

Mzee Kombo akawa analiangalia tangi huku anakula. "Kijana, maji yako masafi sana. Unatia dawa gani?"

Lo! Nani aniulize mimi swali hilo ninyamaze?

"Dawa? Baba, sitii hata tone! Hawa samaki wakijisaidia, tembele linakula. Kinyesi chote kinaishia kwenye majani, ndiyo maana yamenenepa vile, hebu tazama!"

Nikanyoosha kidole. Dirishani hakuna jani hata moja, marando matupu, yamenyonyolewa kama kuku. Nikatazama tangi, nikatazama sinia, nikatazama tonge la Mzee Kombo limesimama mdomoni.

Shangazi naye ndiyo kwanza anatokea na bakuli, uso umejaa tabasamu. "Niwaongeze tembele? Sokoni wala sikwenda, nimechuma hapo hapo dirishani, bichi kabisa!"

Mzee Kombo akatema kwenye leso. Baba akafunika uso. Nyuma ya pazia nikamsikia Zuwena, "Seif, umeniua." Na mimi, badala ya kufunga bakuli langu, nikasema, "Lakini mzee, ni mbolea ya asili." Mzee Kombo akasimama, anatafuta kofia yake. Nilitamani kulia, kweli kabisa, maana kwikwi za dada yangu nilikuwa nazisikia.

Bibi wa watu alikuwa bado anatafuna.

"Kombo, kaa. Mchicha wa bondeni unaokula kila siku, unajua unanyweshwa maji gani? Si bora hawa, samaki wa ndani, wamesitirika? Mama, hebu nipakulie tena."

Mzee Kombo akakaa (wali aliumaliza, mboga hakuigusa). Tarehe ikapangwa, kwa sharti moja la bibi, kwamba siku ya harusi mimi nikae getini niwaonyeshe watu pa kuegesha magari. Nikakaa kweli, pilau la dada yangu wa damu nikalinusa kwa mbali. Na Zuwena ameniapisha, nami nimeapa, kwamba mgeni akiwa anatafuna, hata akiniuliza jina langu, nasubiri kwanza ameze.